Sanamu Isiyojibu Hujambo

Sanamu ya Jumbe Mwinyikambi ilifumbua macho asubuhi, soko la Kiungoni likiwa limejaa pomoni, na mtu wa kwanza kuiamkia alikuwa Ami Shebe. Nani mwingine? Shebe hajapata kukosa mstari wa mbele tangu azaliwe. Alikuja na kanzu iliyonyooshwa vizuri, kofia ya vito, na marashi yaliyoshinda hata harufu ya samaki. Akaingia ndani ya duara la mawe meupe lililopangwa chini ya sanamu, akainua kidevu.

"Shikamoo, babu!"

Macho ya shaba yakamshukia polepole. Midomo ikaachana kidogo.

"Marahaba, mwanangu," ilisema sanamu. "Wewe wa nani?"

Sauti ilikuwa ya mzee, kavu, yenye mikwaruzo ya mtu mwenye mazoea ya kusikilizwa. Muuza ndizi mmoja akashika mdomo.

"Wa kwako, babu. Damu yako. Mimi Shebe wa Shomari wa Mwinyikambi!"

"Basi karibu. Bendera yangu walipoishusha, mliipandisha tena?"

"Tuliipandisha, babu," alisema Shebe, na hapo sauti ikamkatika. Mzee mzima akalia hadharani.

Nyuma ya jiwe la msingi, Hadia, binti wa ndugu yake Shebe, alikuwa amechutama na kioo chake cha kusomea mapigo ya mtambo ulioisemesha sanamu. Naye alilia, tena hakuona haya. Kinywa kile alikiunda yeye. Alikilisha kila kilichobaki cha Jumbe Mwinyikambi: barua zake, hukumu alizokata, nyimbo alizotungiwa akiwa hai, na maneno yaliyoandikwa na Wajerumani waliomnyonga. Halafu akakifungia mizani, na hiyo mizani ndiyo iliyokuwa fahari yake. Kila sentensi, kabla haijatoka, hupimwa dhidi ya ushahidi. Isipokuwa na ushahidi wa kutosha, sanamu husema "sikumbuki." Kinywa cha Hadia hakikuweza kusema uongo. Kilisema alichokijua Jumbe, kwa namna ambayo Jumbe angekisema.

Huko ndiko dunia ilikofika. Kule Marekani watu walikuwa wamezishusha sanamu za majemadari waliopigania utumwa, nyingine kwa winchi za serikali, nyingine kwa kamba na mikono yao, na zilipokwisha kushuka wakagundua kwamba waliozipenda na waliozichukia walikuwa bado hawajazungumza. Sisi tulitazama kwa mbali, tukatikisa vichwa, tukasema mambo hayo kwetu hayapo. Kisha tukaanza kuzihesabu za kwetu. Ndipo ikaja Sheria ya Kuzisikiliza Sanamu: hakuna sanamu itakayoondolewa kabla haijapewa kinywa na kuulizwa mbele ya watu. Ikishaulizwa, imekwisha, shauri lake halifunguliwi tena mpaka kizazi kipite.

Na ya Jumbe ilikuwa ngumu kuliko zote. Laiti angekuwa Mjerumani, tungemaliza asubuhi hiyo hiyo tukaenda zetu kunywa kahawa. Lakini Jumbe alikuwa wetu. Alipigana na Wajerumani mpaka risasi zikamwishia, na walipotaka kumfunga kitambaa machoni siku ya kunyongwa, alikataa. Mtoto gani wa Kiungoni hajui hayo? Jambo lisilosemwa shuleni ni kile alichokuwa akikifanya kabla ya vita, na ni kina nani walioyabeba mapembe yake ya ndovu kutoka bara, na walikwenda wapi walipokwisha kuyatua.

Mlalamikaji alikuwa amesimama pembeni ya umati, na zamu yake ya kujaribu kinywa ilipofika, watu walimpisha njia. Bi Tabu Feruzi. Mwanamke mrefu, mvi tupu, mikono mikubwa ya mtu aliyepika karamu za mji mzima. Kila arusi ya ukoo wa Mwinyikambi ilipikwa na wanawake wa mtaa wake, mtaa unaoitwa Kwa Feruzi, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini wao, wala kwa nini huingilia mlango wa uani. Ilikuwa hivyo tu.

Bi Tabu aliingia ndani ya duara. Akaitazama sanamu.

"Hujambo, Jumbe."

Kimya. Macho ya shaba yakabaki yanatazama juu ya kichwa chake.

"Assalamu alaykum."

Kimya.

"Habari za siku nyingi?" alisema, na safari hii kulikuwa na kejeli ndani yake.

Vijana wakaanza kucheka. "Mwamkie, bibi!" mmoja alipaza sauti. "Mzee yule! Mpe shikamoo yake!"

Bi Tabu hakuitazama sanamu tena. Aligeuza kichwa taratibu mpaka akamwona Hadia nyuma ya jiwe, akamtazama yeye.

Ni Hadia aliyelichagua neno. Mafundi huliita neno la hodi, maana kila kinywa lazima kiwe na neno la kukiamsha, ama sivyo kitamjibu kila mpita njia. Mwanzo alikuwa ameweka "hodi" yenyewe, lakini wachukuzi wa soko hupita na mikokoteni wakipiga kelele "hodi, hodi!" na Jumbe akawa anaamka kila dakika kukaribisha magunia ya viazi. Akafikiri, akaona shikamoo ndiyo yenye akili. Hodi husemwa kwa mlango. Shikamoo husemwa kwa mtu, ukimtazama. Na huyu si mzee? Mzee gani haamkiwi? Aliwajaribu wanafunzi, wauza maduka, wageni, mashehe. Wote waliingia katika duara na neno likawatoka lenyewe. Wachache wa Kwa Feruzi walioalikwa walisimama, wakaitazama sanamu, wakaondoka bila neno, na Hadia akadhani wanaona haya tu.

Sasa alikumbuka jambo ambalo halikuwa limempita akilini kwa miaka mingi. Nyumbani kwao, tangu anajifunza kusema, Bi Tabu huambiwa hujambo. Si shikamoo. Bi Tabu akiingia uani na sufuria kichwani, Hadia mtoto mdogo humwambia "Hujambo, Tabu," na mwanamke yule mwenye umri wa kumzaa mama yake hujibu "Sijambo, mwanangu." Alipokua akaongeza "Bi" kwenye jina, akajiona mstaarabu. Shikamoo ni ya wakubwa zako, mama yake alimwambia, na mtoto akaelewa bila kuelezwa zaidi.

*

"Lakiri imeshapigwa, mtambo haufunguliwi tena," alisema Bwana Zaharani.

Zaharani alikuwa mwenyekiti wa baraza la kusikiliza, mtu mpole, mnene, mwenye tabia ya kukusukumia sahani ya tende kila anapotaka kukukatalia jambo. Sahani ilikuwa tayari mbele ya Hadia.

"Ni neno moja tu, mzee. Nifungue, nilibadilishe, nifunge. Mizani sitaigusa."

"Najua hutaigusa. Lakini mtambo ni shahidi, Hadia, na shahidi aliyekwisha kuapa hachezewi ulimi. Ukivunja lakiri, ami yako atasema kinywa kimetiwa maneno, na sheria itakuwa upande wake. Shauri litafutwa. Atakayelifungua tena, sasa hivi bado ananyonya."

"Na mlalamikaji asipoiamkia sanamu?"

"Basi hatauliza. Asipouliza, hakuna ushahidi. Hakuna ushahidi, sanamu inabaki." Alisukuma tende. "Lakini mimi sioni tatizo liko wapi. Ni adabu tu. Mimi huambiwa shikamoo kutwa nzima, na watu hawajafa."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Hadia alimtazama mtu yule mwema, akatafuta pa kuanzia, akakosa. Angemwambiaje? Yeye mwenyewe alikuwa amelijua jambo hilo kwa siku moja tu.

*

Kwa Feruzi hakuna barabara ya magari yanayojiendesha. Yakifika ukingoni mwa mtaa husimama, yakasema hayaijui njia, yakageuza. Hadia akashuka akatembea. Alimkuta Bi Tabu uani anasugua masufuria ya karamu kwa majivu na kumbi la nazi. Yalikuwa masufuria ya ukoo wa Mwinyikambi, makubwa ya kutosha kumwogeshea mtu mzima, yakihifadhiwa huku toka zamani, maana wapikaji ni wa huku. Binti wa Ami Shebe alikuwa anaolewa mwezi huo.

"Hujambo, Bi Tabu," alisema Hadia, na papo hapo akatamani ardhi immeze.

"Sijambo, mwanangu. Kaa."

Alikaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Akaeleza yote: kwamba neno ni kosa lake, kwamba hakujua, kwamba lakiri imepigwa. Akaeleza kwamba ufunguo anao, na anaweza kuivunja leo hii kabla watu hawajaamka kutoka usingizi wa mchana.

"Ukivunja, nani atafurahi?" aliuliza Bi Tabu.

"Ami Shebe."

"Basi usivunje."

"Bi Tabu, na ukilisema tu? Ni neno. Linatoka mdomoni, linakwisha."

Bi Tabu aliacha kusugua. Hakukasirika, na hilo lilikuwa baya zaidi.

"Sisi tuliambiwa neno lile ni 'nashika miguu.' Wengine watakwambia lina maana nyingine, nyinyi mliosoma mtabishana. Lakini sisi hatukulisoma, tulilifanya. Bibi yangu alimwona bibi yake akipiga magoti pale pale uwanjani, anashika miguu kwelikweli, ya mtoto wa kiume asiyeota ndevu. Babu yako huyo. Wewe umekuta neno limekuwa tamu, kila mtu anampa kila mtu, na mimi wajukuu zangu wananiamkia na ninawaitikia. Sina ugomvi na neno. Ugomvi wangu ni na yule wa shaba. Nimwambie yeye shikamoo? Yeye?"

Hadia alikisogeza kibao karibu naye.

"Wajukuu zangu wanataka aondoke sokoni," Bi Tabu aliendelea, sauti imeshuka. "Wamechoka kununua unga chini ya mguu wake. Ni haki yao, na mimi ndiye niliyetia saini. Lakini mimi mwenyewe, Hadia, ninataka kitu kingine. Nataka jina."

"Jina la nani?"

"Mama yake Feruzi. Feruzi tunamjua, yeye alibaki hapa, ndiye aliyetuzaa. Mama yake aliuzwa na Jumbe, mtoto akiwa hajaacha kunyonya. Tukisoma hitima tunawataja wafu wetu wote, mmoja mmoja, tukifika kwake tunasema 'na mama yake Feruzi.' Kila mwaka. Mtu hana jina hata kwa Mungu." Alilichukua tena kumbi. "Wewe umesema kinywa kile hakiwezi kusema uongo."

"Hakiwezi."

"Na kinalijua alilolijua?"

"Ikiwa limo katika ushahidi. Ndiyo."

"Basi niulizie wewe. Kwani mtu mwingine hawezi kukiamkia kwa ajili yangu?"

Hadia alishusha pumzi. Kisheria ilikubalika, mlalamikaji aliruhusiwa kuwa na msemaji. Kinywa kingemjibu yeyote aliyekiamkia. Ilikuwa njia safi kabisa, na alishangaa kwa nini haikumjia yeye kwanza.

"Nitauliza mimi," alisema. "Nakuahidi."

Alipotoka kwa mlango wa mbele, watoto wa mtaa walimwamkia, "Shikamoo, dada fundi!" naye akaitikia marahaba bila kufikiri, akafika nusu ya njia ndipo akasimama.

*

Siku ya baraza walitanda turubai la jua juu ya uwanja mzima, lile linalokunywa mwanga na kuendesha feni, hivyo watu walikaa kwenye upepo wa bure na hakuna aliyetaka kuondoka. Upande mmoja Ami Shebe na ukoo, vijana wao wamevaa fulana zenye uso wa Jumbe. Upande mwingine Kwa Feruzi, wametulia, wamevaa za msibani. Katikati walikaa wale wasio na upande, ambao ndio wengi siku zote, wanakula karanga.

Shebe alizungumza kwanza, na tumpe haki yake, alizungumza vizuri.

"Mnataka kumshusha mtu aliyekataa kufungwa macho?" aliuliza. "Wajerumani walimshusha mara moja kwa kamba. Nyinyi mnataka kumshusha mara ya pili? Mimi sisemi hakuwa na makosa. Nani hana? Zama zile zilikuwa zama zile. Lakini tukimwondoa huyu, watoto wetu wataonyeshwa nani? Waonyeshwe gavana?"

Watu walipiga makofi, hata baadhi ya wala karanga. Hadia mwenyewe alihisi maneno yale yanamgusa mahali, akakasirika kwamba yanamgusa.

Bwana Zaharani akasoma swali la kisheria, kama lilivyoandikwa kwa kila sanamu katika shirikisho zima la nchi zetu, neno kwa neno. Kisha akamwita msemaji wa mlalamikaji.

Hadia aliingia katika duara.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mwanangu. Wewe wa nani?"

"Mimi Hadia, mjukuu wa Shomari."

"Mtoto wa nyumbani," ilisema sanamu, na sauti ikalainika kweli, kwa jinsi yeye mwenyewe alivyoitengeneza ilainike. "Sema haja yako."

"Je, wewe, Mwinyikambi bin Shomari, uliuza watu?"

Kwenye kioo chake Hadia aliona mizani ikifanya kazi, barua zikifunguka na kufungika, hukumu, nyimbo, kila kitu kikipimwa. Alijua ushahidi umo. Aliutia kwa mikono yake.

"Niliuza pembe," ilisema sanamu. "Niliuza sandarusi na mtama. Niliuza watumwa, wengi. Watu sikuuza. Mimi ni muungwana, mwanangu, nitauzaje mtu?"

Upande wa Shebe ukalipuka kwa vifijo kabla hata hawajaelewa walichokisikia. Upande wa Kwa Feruzi hakuna aliyejongea. Hadia alitazama kioo. Taa ya mizani ilikuwa ya kijani, kijani safi. Katika maneno yote ya Jumbe, barua kwa barua, "mtu" lilikuwa neno moja na "mtumwa" neno jingine, na hakuna hata mahali pamoja yalipokutana. Kinywa kilikuwa kimesema kweli yake tupu.

"Iandikwe," alisema Bwana Zaharani kwa sauti nzito, maana naye hakupenda, "kwamba sanamu imejibu hapana."

"Mzee, haijajibu hapana!" Hadia alipiga kelele. "Imekiri! Imesema watumwa!"

"Swali lilikuwa watu, Hadia. Wewe ndiye uliyeuliza."

Alikuwa na swali moja lililobaki. Akaigeukia tena sanamu.

"Babu. Ulikuwa na mtumwa akiitwa Feruzi. Mama yake aliitwa nani?"

"Mambo ya watumwa wangu siyasemi barazani na mtoto wa kike wa nyumba yangu," ilisema sanamu kwa upole. "Si adabu. Mwenye haja na aje mwenyewe."

Alibishana. Aliuliza kwa njia nyingine, akabembeleza, akaamuru. Kila mara jibu lile lile, kwa upole ule ule. Ndivyo Jumbe angefanya, na yeye alikuwa amekiunda kinywa kifanye kama Jumbe angefanya, akasifiwa na kupewa tuzo kwa hilo. Ufunguo wa lakiri ulikuwa mfukoni mwake na haukumfaa kwa lolote.

Aliposikia kanga zikisogea nyuma yake, hakutaka kugeuka.

Bi Tabu alikuwa ameshafika kwenye duara. Mjukuu wake mmoja alimshika mkono kumzuia, akautoa taratibu.

"Usifanye, Bi Tabu," alisema Hadia. "Tafadhali. Niachie mimi."

"Umeshajaribu, mwanangu. Sogea."

Hadia akasogea. Bi Tabu alisimama wima, mikono imelegea ubavuni, akainua uso. Ilimchukua muda mrefu. Midomo ilifunguka mara moja ikafungika tena bila sauti.

"Shikamoo," alisema.

Macho ya shaba yakashuka, yakamwona kwa mara ya kwanza.

"Wewe wa nani?"

"Wa Feruzi."

"Feruzi ni wangu," ilisema sanamu. "Basi nawe u wangu. Marahaba. Sema."

Katika umati mtu alitoa sauti ya kuumia, na haikutoka Kwa Feruzi. Ami Shebe alikuwa ameinamisha kichwa anatazama viatu vyake.

"Mama yake Feruzi," alisema Bi Tabu. "Uliyemuuza. Aliitwa nani?"

Mizani ikaanza. Hadia alikitazama kioo na kuomba, yeye ambaye hakuwa ameomba kwa dhati tangu utotoni. Barua zikafunguka. Moja ikasimama. Kulikuwa na kitu. Haikuwa "sikumbuki." Kulikuwa na kitu pale!

"Yule," ilisema sanamu. "Namkumbuka. Alipika vizuri."

"Jina lake."

"Sikuwa namwita jina. Nilipomtaka nilipiga makofi."

Taa ikawa ya kijani.

Bi Tabu aliendelea kusimama, kana kwamba bado lipo neno litakalofuata. Halikufuata. Macho ya shaba yalingoja kidogo, kisha yakapanda tena yakatazama juu ya vichwa, na kinywa kikafumba.

*

Uamuzi ulitoka kabla ya sala ya adhuhuri. Kwa kuwa sanamu iliulizwa kwa mujibu wa sheria na ikajibu kwamba haikuuza watu. Kwa kuwa maneno "u wangu" yalitolewa wakati wa maamkizi na si katika kujibu swali. Na kwa kuwa mlalamikaji mwenyewe aliiamkia sanamu kwa heshima mbele ya mashahidi, sanamu itabaki. Patawekwa kibao chenye maelezo ya ziada. Bwana Zaharani alisoma bila kuinua uso. Hadia alikaa chini kwenye jiwe la duara na hakuna aliyemwambia ainuke.

Lakiri ikaondolewa, maana kazi yake ilikuwa imekwisha, na jioni hiyo Hadia alikwenda kuomba ruhusa ya kubadilisha neno la hodi. Manispaa ilikataa. Watu wamelipenda, aliambiwa. Wageni wanajifunza adabu zetu. Tayari shule zinaleta watoto kwa mistari, madarasa kwa madarasa, na ukipita sokoni asubuhi unawasikia wote kwa pamoja, "Shikamoo, babu!" na ile sauti kavu ikiitikia marahaba, marahaba, ikiuliza kila mmoja ni wa nani.

Wiki ya arusi ya binti wa Shebe, nyumba ya ukoo ilijaa jamaa kutoka kila mahali. Mchele ulikuwa umepepetwa, mbuzi wamefungwa, kuni zipo. Wapikaji ndio hawakuonekana. Mama yake Hadia alikuwa ametoka uani mara nyingi kuchungulia kama wanakuja, akirudi anasema watakuja tu, lini walikosa?

Kisha mlango wa mbele ukagongwa. Haukuwa mkono uliogonga. Ilikuwa sauti ya bati kwenye ubao. Hadia alikwenda kufungua.

Masufuria yote ya karamu yalikuwa yamepangwa barazani, yamesuguliwa mpaka yanang'aa, mafuniko yake juu. Nyuma yao palikuwa na mkokoteni mtupu, na mbele ya mkokoteni Bi Tabu, funiko moja bado mkononi. Hakuwa amewahi kusimama upande ule wa nyumba. Aliliweka funiko juu ya sufuria la mwisho, taratibu, lisifanye kelele.

Hadia alitoka nje, akashuka ngazi ya baraza mpaka chini, akasimama mbele yake. Neno alilolitoa kwa kila mzee wa mji ule isipokuwa huyu likamjia, zito.

"Shikamoo, Bi Tabu."

Bi Tabu alimtazama. Akafuta majivu mikononi kwa kanga yake, akashika mikono ya mkokoteni, akaugeuza.

"Sijambo," alisema, akaondoka.